« Ils fuirent »: mtoto aliyekimbia vita anachekwa juu ya neno la kukimbia

Ni saa nane ya mchana, zamu ya pili, katika shule moja ya msingi pembezoni mwa mji wa Goma. Kalasi ya sita imejaa mpaka mlangoni. Wenyeji na watoto waliotoka Masisi na Rutshuru wanabanana kwenye mabenchi, wengine wameketi chini na kaye kwenye magoti. Vitabu havitoshi, kwa hiyo mwalimu ameandika habari fupi ya Kifaransa kwenye ubao. Msichana mmoja wa miaka 13 anaitwa asome. Anaenda vizuri mpaka anafika kwenye maneno « les villageois fuirent dans la forêt ». Hapo anapunguza mwendo na kusoma kipande kwa kipande: « fu-i-re-nti ».

Kalasi nzima inacheka. Mwalimu naye anatabasamu, anaandika zero ya kusoma, anamwambia aketi. Siku zilizofuata msichana hakuinua tena mkono. Nyumbani, chini ya hema, alimwambia mama yake kwamba afadhali abaki kumsaidia kuuza makala kuliko kwenda kuchekwa. Mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, ENAFEP, ulikuwa umebakiza miezi michache tu.

« Fuirent » maana yake walikimbia. Mtoto huyo amekimbia mara tatu, mara ya mwisho usiku, akiwa amebeba mdogo wake mgongoni. Katika kalasi ile hakuna aliyelijua neno lile kumshinda yeye. Alichokosa ni namna ya kulitoa mdomoni, na hicho hakuna mtu aliyewahi kumfundisha.

Wazazi wengi wakisikia habari ya namna hii wanasema mtoto hana akili ya Kifaransa, au shule za siku hizi hazifai. Mambo hayako hivyo. Msichana yule alisoma kwa kufuata sheria, na sheria yenyewe ni nzuri sana, isipokuwa ni ya lugha nyingine.

Mtoto wa Kivu anayeanza kusoma kwa Kiswahili anafundishwa jambo moja linalomfaa maisha yote: kilichoandikwa ndicho kinachosemwa. Ba, be, bi, bo, bu. Kila silabi inaishia kwenye sauti ya a, e, i, o au u, na hakuna herufi inayolala. Ukiona herufi sita, zote sita zinafanya kazi. Hata ile m ya peke yake ya Kiswahili cha pwani, kama kwenye « mtu », watu wa Kongo wanaiongezea sauti: wanasema mutu, mutoto, inchi. Ulimi umezoea kufunga kila kipande kwa vokali. Ndiyo sababu neno la Kifaransa « classe », ambalo Mfaransa analitoa kwa pumzi moja, huku kwetu limekuwa ka-la-si, silabi tatu kamili. Hakuna anayechekwa kwa kusema kalasi.

Sasa chukua mtoto huyo, umwekee mbele neno « fuirent ». Ana herufi saba. Anatafuta vokali na kukata: fu, i, re. Anakuta « nt » imebaki bila kitu nyuma yake, na kwa Kiswahili haiwezi kubaki hivyo, basi anaiongezea i kama babu zake walivyoongeza i kwenye « classe ». Fu-i-re-nti. Kazi safi kabisa. Mwalimu alipaswa kumwambia: umesoma vizuri kwa Kiswahili, sasa ngoja tuone Kifaransa kinavyofanya.

Kifaransa kinafanya hivi. Katika neno « fuirent » sauti zinaishia kwenye r. Mkia « ent » unaandikwa kwa ajili ya macho tu, kuonyesha kwamba waliokimbia ni wengi. Masikio hayaupati. Neno lote linatoka mara moja, silabi moja tu, karibu na « fwir ». Sheria ya mkia huu haina utata: kitenzi kikiwa na « ils » au « elles », ule « ent » wa mwisho hausomwi. Ils mangent, ils étaient, ils mangèrent, ils fuient, ils fuirent: kote mkia unalala. Lakini herufi zile zile, kwenye neno lisilo kitenzi cha wengi, zinaamka na kutoa sauti ya puani. « Les présidents président »: neno la kwanza ni watu, linaishia na sauti ya « an », la pili ni kazi wanayofanya, linaishia kwenye d. Walimu wa zamani walikuwa na mfano wao wa kuku wa nyumba ya masista, « les poules du couvent couvent », na watoto walicheka bila mtu kuaibika. Mfano huo haujazeeka.

Kuna hila moja hapo. « Il ment », anasema uongo: huyu ni mmoja, na « ent » yake inasikika. « Ils aiment », wanapenda: hawa ni wengi, na haisikiki. Mtoto aliyeambiwa tu kwamba « ent haisomwi » ataanguka kwenye « il ment ». Kwa hiyo sheria isemwe nzima, pamoja na lile neno « ils » au wale watu wengi wanaotangulia kitenzi.

Tena mkia unaolala unaweza kuamka. Ukiuliza « fuirent-ils ? », t inarukia neno linalofuata na unasikia « fwir-til ». Mtoto akielewa kwamba herufi zile hazikufa, zimelala zikisubiri jirani, anaacha kuona Kifaransa kama uchawi.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo limewapotezea pointi watoto wengi bila wao kujua. Mwalimu anasema: « Gawanya neno katika silabi. » Mtoto mmoja anaandika « fui-rent », silabi mbili. Mwingine anasema ni moja. Nani amekosa? Hakuna. Kifaransa kina silabi za kalamu na silabi za mdomo, na haziko sawa. Za kalamu zinasaidia kukata neno mwishoni mwa mstari: fui-rent, man-gè-rent, eu-rent. Za mdomo zinahesabiwa kwa sikio: fuirent ni moja, mangèrent ni mbili, eurent ni moja. Herufi mbili zinazofanana zinatenganishwa na kalamu, kama « fuis-sions », lakini mdomo hauzitenganishi, unatoa s moja tu. Kwa Kiswahili mtoto hakuwahi kuona tofauti hiyo, maana kalamu na mdomo vinatembea pamoja. Mwalimu asiposema anataka zipi, za kalamu au za mdomo, anauliza swali lenye majibu mawili na kuadhibu moja. Na katika makaye ya watoto, jibu linaloadhibiwa mara nyingi ni lile la sikio, yaani la mtoto aliyesikiliza vizuri.

Neno « mangeassions » linatisha watu wazima wenyewe. Kwa kalamu ni man-geas-sions, kwa mdomo ni silabi tatu vilevile, lakini ile e ya katikati haina sauti yake. Imewekwa pale kulinda g, ili isigeuke kuwa ile ya « gari ». Ni mlinzi wa mlangoni: amesimama, hasemi. Ndivyo ilivyo kwenye « nous mangeâmes » pia. Mtoto anayesoma « man-ge-a-me » anahitaji kuambiwa habari ya mlinzi huyo mara moja tu, naye atamtambua kila mahali.

Ugumu mwingine uko kwenye midomo. Ile u ya Kifaransa haipo katika Kiswahili. Namna ya kuipata si siri: sema « i », shikilia ulimi pale pale, halafu kaza midomo kama mtu anayetaka kupiga mluzi. Watoto wanaipata kwa dakika mbili, na wanaifurahia kwa sababu inafanya sura zao ziwe za ajabu. Bila hiyo u, vitenzi vya zamani vyote vinachanganyika. « Ils eurent », walipata, wengi wanaisoma kama « heure », saa. Hata kwenye redio inatokea, na mtangazaji hasahihishwi na mtu. Matamshi yake ni ile u ya mluzi na r, basi. Katika kitenzi « avoir » herufi e na u zikikaa pamoja katika wakati uliopita zinatoa u peke yake: il eut, nous eûmes, ils eurent, qu'il eût. Huwezi kubuni hilo kwa akili. Lazima ulisikie kwa mtu.

Na kwenye neno letu la kukimbia, midomo ina uzito zaidi. « S'enfuir » ni kukimbia. « Enfouir » ni kufukia chini ya udongo. Mtu akisoma haraka « ils s'enfuirent » na « ils enfouirent », tofauti iliyo katikati ya vitenzi hivyo ni midomo: ya kwanza inaanza na mluzi wa u, ya pili inaanza na w ya kawaida. Anayesoma kwa w ya Kiswahili, waliokimbia kwake wanasikika karibu kama waliofukia. Ni pengo lile lile la « lui » na « Louis ». Kwa Mfaransa pengo hilo ni kubwa kama mlango. Kwa mtoto wa Masisi ni kitu ambacho hajawahi kuombwa kukisikia. Lakini nusu ya kazi tayari anaiweza. Anasema « kwisha » kila siku, na hakati ku-i-sha. Kumbe ulimi wake unajua kufunga sauti mbili katika silabi moja. Mwalimu aanzie pale pale: kwisha, kwi, kisha fwi, kisha abane midomo. Kiswahili kinakuwa ngazi ya kupandia.

Kuna wanaokataa maneno ya namna hii, na wengi wao ni wazazi wanaowapenda watoto wao. Wanasema: sisi tulipigwa fimbo, tulikariri nyakati zote, leo tunaandika barua bila kosa. Wanasema Kifaransa ndiyo lugha ya biro, ya attestation, ya mashirika yanayotoa kazi, na mtoto wa mkimbizi akifundishwa Kifaransa chepesi atabaki kuwa mtumishi wa mtoto wa Kinshasa. Hofu hiyo ina msingi. Katiba ya 2006 inasema wazi kwamba Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe kufundishia, lakini mitihani inayofungua milango bado inaandikwa kwa Kifaransa. Hakuna mzazi wa kambini anayeweza kuishi kana kwamba mambo si hivyo.

Lakini fimbo haikuwafundisha wote. Wanaojivunia fimbo ni wale waliobaki; waliotoka shuleni hawapo kwenye mazungumzo hayo, wako shambani au machimboni. Pia kukariri si sawa na kusoma. Yuko mtu mzima mjini hapa anayeweza kuimba « que je fuisse, que tu fuisses, qu'il fuît » kama wimbo, lakini ukimpa gazeti asome kwa sauti anakwama. Na wanasheria, mapadri, maprofesa, wote hao wanaosema Kifaransa kutwa nzima, ni nani aliyewasikia wakisema « que nous fuissions » katika mazungumzo?

Wafaransa wenyewe walilegeza zamani. Tangazo la wizara yao ya elimu la tarehe 28 Desemba 1976 lilikubali kwamba mtahiniwa akiandika kitenzi cha kutaka au kutamani kwa namna ya kawaida ya leo, hata kama sentensi ni ya wakati uliopita, asihesabiwe kosa. Yaani « maman voulait que nous fuyions » ipite badala ya « que nous fuissions ». Tangazo hilo si sheria ya Kongo, ni kweli. Lakini ni ajabu kuona mtoto wa hema anakatwa pointi kwa jambo ambalo mtoto wa Lyon alishasamehewa kabla mama yake msichana yule hajazaliwa. Mwaka 1990 walipunguza pia zile kofia zinazokaa juu ya i na u katika maneno mengi, isipokuwa kwenye vitenzi hivi hivi: nous fuîmes, vous fuîtes, qu'il fût zilibaki na kofia zao.

Na kofia hizo ndizo zinazofanya dikte kuwa mtego. « Il fut » na « qu'il fût » zinasikika sawasawa. « Vous dites » na « vous dîtes » vilevile. « Il fuit », anakimbia, na « il fuit », alikimbia, hata kalamu haizitofautishi. Mwalimu anasoma kwa sauti, mtoto anategea sikio, na sikio haliwezi kumsaidia. Lazima ajue sentensi nzima inasema nini. Mtoto ambaye bado anapambana kujua mkia wa « ent » unalala au umeamka, kumwekea mtego wa kofia ni kumbebesha gunia la pili kabla hajasimama na la kwanza.

Haimaanishi maneno haya yafutwe. Yapo na yataendelea kuwapo. Biblia ya Kifaransa inayosomwa katika makanisa mengi, ile ya Louis Segond, ni ya karne ya 19, na habari zake zinasimuliwa kwa wakati huo wa zamani: walienda, walisema, walikuwa, walikimbia. Mtoto anayepewa somo la Jumapili atakutana na « ils furent » na « ils s'enfuirent » mbele ya watu wote. Hadithi za vitabu vya shule zinasimuliwa vivyo hivyo. Kwenye makaburi kuna « ci-gît », hapa amelala fulani, neno ambalo t yake haisemwi na ambalo watu wanalipita kila siku bila kujua ni kitenzi. Kwa hiyo mtoto anahitaji kuyatambua akiyaona na kuyasoma kwa sauti bila aibu. Kuyatunga mwenyewe kwenye kaye, safu baada ya safu, ndicho kitu kinachoweza kusubiri sekondari.

Wanaoongoza shule wakikubali kutenganisha mambo hayo mawili, kutambua na kutunga, kazi ya mwalimu itapungua. Mwalimu naye anahitaji kuhurumiwa. Anafundisha zamu mbili, watoto wanazidi kila wiki vita vinaposogea, na tangu shule ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019 kalasi zimejaa bila madarasa kuongezeka ipasavyo. Hakuna aliyemfundisha silabi za mdomo. Alipokuwa mtoto naye alichekwa. Lakini vitu vinavyotakiwa hapa havihitaji pesa ya mradi. Asome yeye kwanza, kwa sauti, kabla ya kumwita mtoto. Apige mstari wa chaki chini ya mikia inayolala. Watoto wapige makofi kwa silabi za mdomo: fuirent, kofi moja, mangèrent, mawili, mangeassions, matatu. Hiyo wanaweza kuicheza hata bila kaye, hata bila ubao. Na kicheko cha kumzomea anayesoma kikatazwe kwa ukali ule ule unaotumiwa kwa anayechelewa.

Kwa watoto waliotoka mbali jambo hilo la kicheko lina uzito wa pekee. Wenyeji wa mji wamesikia Kifaransa kwenye televisheni, kwenye biro, kwa jirani. Mtoto wa kijiji amekisikia kwa mwalimu mmoja, na shule yake imefungwa miaka miwili au mitatu. Anapofika mjini anawekwa kalasi ya umri wake, au anarudishwa nyuma na wadogo, na jambo la kwanza linalomtambulisha ni matamshi. Wanamwita jina la kijiji chake. « Fu-i-re-nti » linakuwa jina lake la utani. Wamama wa kambini wanajua watoto walioacha shule kwa sababu ya karo, kwa sababu ya njaa, kwa sababu ya nguo. Wanaoacha kwa sababu ya jina la utani hawahesabiwi popote.

Redio nazo zina deni. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, masomo yalipita hewani, na familia nyingi ziligundua kwamba redio ndogo ya betri inaweza kuwa mwalimu. Tena kwa somo hili redio inapita kitabu, kwa sababu kitabu hakina mdomo. Dakika kumi jioni, sauti moja inayosoma polepole, watoto wanarudilia: ils eurent, ils furent, ils fuirent. Isitoshe, watangazaji wanaosoma matangazo ya serikali na ya mashirika kwa Kifaransa wanaigwa na watoto kuliko wanavyodhani. Anayesoma « ils eurent » kama saa anafundisha kosa kwa mji mzima, na anapaswa kufanya zoezi la mluzi kabla ya kufungua maikro.

Nyumbani pia kuna la kufanya, hata kwa mzazi asiyejua Kifaransa. Mtoto asome kwa sauti, si kimya. Mzazi asikilize kama neno linatoka kwa pumzi moja au linakatika-katika. Sikio la mtu asiyejua lugha linatosha kusikia hilo. Kaka aliye sekondari akae naye, kwa sababu na yeye ana mtihani wake mbele: katika EXETAT kuna Kifaransa cha kuandika na kuna kile cha mdomo, ambapo kijana anakaa mbele ya mtu na kusikilizwa. Pale hakuna kukisia kati ya a, b, c na d. Aliyefundishwa kusoma kwa macho tu, kwa miaka kumi na miwili, anagundua siku hiyo kwamba sauti yake haijawahi kufunguliwa.

Msichana wa kalasi ya sita bado yuko shuleni. Mama yake alikataa habari ya makala, akaenda mwenyewe kumwona mwalimu, akiwa na kitambaa chake cha Jumapili, na kumwambia maneno machache tu: « Mwalimu, usimpe zero mbele ya wenzake, mfundishe. » Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akamwita mtoto, akafunika kwa kiganja zile herufi tatu za mwisho kwenye ubao, akamwambia asome kilichobaki.

Alisoma.